Tukae, tuanze, tusiende: kuwaalika wenzako kwa Kihispania

Swali: Shikamoo, mwalimu. Huu ni mwaka wangu wa pili kujifunza Kihispania. Tuko sita darasani na tuna kundi letu la ujumbe kwenye simu. Juzi niliandika humo: *Sentémosnos juntos mañana. Empiecemos a las ocho. No vamos tarde. Digámosselo a la profesora.* Nilitaka kusema: tukae pamoja kesho, tuanze saa mbili, tusiende tumechelewa, tumwambie mwalimu. Mwalimu wetu, ambaye naye yumo kwenye kundi, alinirudishia sentensi zote nne zimesahihishwa, bila neno la maelezo. Kitabu changu kinasema mambo ni mepesi: tanguliza *vamos a* mbele ya kitenzi, basi. Nimekosea wapi? Na kama *vamos a* inatosha, kuna haja gani ya kujisumbua na maumbo haya mengine?

Jibu: Marahaba. Nianze na uliloliweza. Umeandika *a las ocho* kwa saa mbili, na hilo si dogo. Nimesahihisha kazi nyingi ambamo saa mbili asubuhi imegeuka *a las dos*. Mwandishi angekaa peke yake asubuhi nzima, wenzake wakaja saa nane mchana.

Sasa makosa. Kitabu chako, nadhani, kiliandikwa kwa ajili ya watu wanaofikiri kwa Kiingereza. Kiingereza hakina umbo la kitenzi kwa kazi hii; huazima kitenzi cha kuruhusu na kukitanguliza. Ndiyo maana vitabu vya namna hiyo huhangaika kutafuta cha kutanguliza, na ndiyo maana wanafunzi wao husema *déjanos comer* wakidhani wamewaalika watu mezani, kumbe wameomba ruhusa: tuache tule. Wewe huna sababu ya kupita njia hiyo. Unapomwambia mwenzako "tukae", huongezi neno lolote. Unaweka tu- mbele, unageuza -a ya mwisho kuwa -e, wito umekamilika. Kihispania hufanya jambo lilelile, isipokuwa "sisi" hukaa mkiani kama -mos. *Hablamos*, tunazungumza. *Hablemos*, tuzungumze. Irabu moja imegeuka na taarifa imekuwa wito.

Vitenzi vya -er na -ir hugeuka kuelekea upande wa pili: *comemos*, tunakula, lakini *comamos*, tule, *vivimos*, tunaishi, lakini *vivamos*, tuishi. Mwenye a hupewa e, mwenye e au i hupewa a. Katika Kiswahili kuna vitenzi vilivyosamehewa mabadiliko haya, kama kurudi, kujaribu na kusahau: turudi, tujaribu, tusisahau, mwisho wa neno haukuguswa. Kihispania hakina msamaha huo. *Volvamos*, *intentemos*, *no olvidemos*: kila kitenzi lazima kigeuke, isipokuwa kimoja tutakachokikuta mbele. Kwa hiyo itamke irabu hiyo wazi. Ukisema *hablamos* kivivu ulipokusudia *hablemos*, wenzako watasikia kwamba tunazungumza, au hata kwamba tulizungumza, maana *hablamos* hubeba wakati uliopo na uliopita pia. Hakuna atakayejua kwamba amealikwa.

Kuna faida nyingine ya kuliona umbo hili kama ndugu wa -e yetu. Wewe husemi "tuzungumze" kwenye wito peke yake. Unasema pia "lazima tuzungumze", "wanataka tuzungumze", "afadhali tuzungumze". Kihispania nacho hulitumia umbo hilohilo humo: *es necesario que hablemos*, *quieren que hablemos*, *es mejor que hablemos*. Vitabu huliita *subjuntivo* na kulitengea sura nzima ya vitisho mwishoni. Ukiliingilia kwa mlango wa Kiswahili, nusu ya vitisho hivyo huyeyuka.

Mzizi unaupata wapi? Kwa vitenzi vingi, anza na nafsi ya kwanza umoja ya wakati uliopo, ondoa -o, weka mwisho uliogeuzwa. *Tengo* hutoa *tengamos*, *hago* hutoa *hagamos*, *digo* *digamos*, *salgo* *salgamos*, *pongo* *pongamos*, *conozco* *conozcamos*. Wachache hawafuati: *seamos* (tuwe, kama *seamos sinceros*, tuwe wakweli), *estemos*, *demos*, *sepamos*. Hao wakariri, hakuna njia ya mkato.

Hapa ndipo sentensi yako ya pili ilipoteleza, na kosa lako ni la mtu anayefikiri. Umechukua *empiezo*, ukaondoa -o, ukakumbuka kwamba z mbele ya e huandikwa c, ukapata *empiecemos*. Hesabu nzuri, jibu si sahihi. Ile *ie* ya *empiezo* huzaliwa pale tu mkazo unapoangukia mzizi: em-PIE-zo. Kwenye umbo la sisi, mkazo umeshahamia kwenye silabi ya mbele, em-pe-CE-mos, na mzizi ukiachwa bila mkazo hubaki na e yake ya kawaida. *Empecemos*. Ndivyo pia *pensemos* ingawa ni *pienso*, *volvamos* ingawa ni *vuelvo*, *juguemos* ingawa ni *juego*. Kama huamini, jiulize unasemaje "tunaanza": *empezamos*, bila *ie*. Sikio lako lilishajua, mkono ndio ulioharakisha.

Ila vitenzi vya -ir vya kundi hili vina kiburi chao. Haviachi mzizi ulivyo, huupandisha: e huwa i, o huwa u. *Pidamos*, tuombe. *Sintamos*, tuhisi. *Durmamos*, tulale. Si *dormamos* wala *duermamos*.

Kuhusu c na z na wenzake sitakaa sana, maana ni suala la maandishi tu. Kiswahili kina k moja inayosimama mbele ya irabu yoyote. Kihispania hakina raha hiyo, kwa hiyo ili sauti ibaki ileile, herufi hubadilika: *buscar* huandikwa *busquemos*, *pagar* *paguemos*, *comenzar* *comencemos*, *recoger* *recojamos*. Ukilitamka neno vizuri, huhitaji kufikiria lolote hadi uanze kuandika.

Tuje kwenye *vamos*, yaani sentensi yako ya tatu. Kitenzi cha kwenda ni mkorofi katika lugha nyingi, yetu ikiwemo. Tunasema "twende", lakini ukikanusha ni "tusiende", ile w imetoweka. Mgeni anayejifunza Kiswahili hujikuna kichwa hapo. Mhispania naye ana ukorofi wake: wito ni *vamos*, ambalo ni neno lilelile la "tunakwenda", halikugeuka hata kidogo. Lakini likikanushwa, umbo la kawaida hurudi: *no vayamos*, tusiende. Katika Kihispania cha kale *vamos* ilifanya kazi ya *vayamos* pia. Wito huu ni mabaki ya enzi hiyo.

*No vamos* ni Kihispania safi, ila maana yake ni "hatuendi". Ulichowatangazia wenzako ni kwamba sisi hatuendi tukiwa tumechelewa, kama mtu anayejisifu. Mimi mwenyewe niliwahi kuumbuka hivyo. Tulikuwa watu wanane tumesimama nje ya jengo, mvua imeanza, nami nikataka kusema tusiende bado. Nikasema kwa sauti, *¡no vamos!* Mama mmoja akageuka akaniuliza, *¿quiénes?*, akina nani hawaendi? Nikabaki kunyoosha kidole kifuani kwangu, kisha kwao, kisha mawinguni. *No vayamos todavía*, hayo tu ndiyo yaliyohitajika.

Na ile *vayamos* utaihitaji pia kila inapotanguliwa na *que*: *quieren que vayamos*, wanataka twende. Hapo *vamos* haikubaliki. Kwenye wito usio na ukanushi, *vayamos* husikika ya kirasmi kidogo, lakini utakutana nayo kwenye semi kama *vayamos por partes*, twende hatua kwa hatua, au *vayamos al grano*, tuingie kwenye kiini.

Kuna kitu kimoja hapa ambacho Kiswahili hukipatia kuliko lugha nyingi. Wanafunzi huuliza sana tofauti ya *vamos* na *vámonos*. Wewe unayo tayari mdomoni: "twende" na "twende zetu". *Vamos al mercado*, twende sokoni, kuna mahali tunaelekea. *Vámonos*, twende zetu, jambo la maana ni kuondoka hapa tulipo. Kama vile "naenda zangu" ilivyo *me voy*. Sijaona maelezo ya kitabu yanayoshinda hilo neno "zetu".

Sasa *sentémosnos* na *digámosselo*. Tuzifungue taratibu, kwa sababu kosa ni moja. Anza na *sentemos*. Kukaa kwa Kihispania ni kujikalisha, kwa hiyo kiwakilishi *nos* lazima kifuate. Kwa hesabu ya kawaida ungepata *sentemos* jumlisha *nos*. Lakini s ya -mos inapokutana na *nos*, huanguka: *sentémonos*. Vilevile *levantémonos*, *quedémonos*, na hiyo *vámonos* tuliyoiona sasa hivi. Ukuta wa pili wa s hiyo ni *se*. *Digamos* jumlisha *se* jumlisha *lo* kungeleta s mbili zinazosukumana, nazo husikika moja. Maandishi yamefuata sikio: *digámoselo*. (Na hapo umepatia kutumia *se*. Wengi wangeandika *le lo*, jambo ambalo Kihispania hakivumilii.)

Ni *nos* na *se* tu zinazoiangusha s. Mbele ya viwakilishi vingine inabaki palepale: *hagámoslo*, tukifanye, *comprémosla*, tuinunue, *digámosle*, tumwambie. Nasisitiza hili kwa sababu mwanafunzi akishafundishwa kuiangusha s, huiangusha kila mahali, ndipo utasikia *hagámolo*, ambayo haipo.

Ukikanusha, kila kitu kinapinduka. Kiswahili chetu hakijali: "tumwambie", "tusimwambie", -m- imekaa palepale tumboni mwa kitenzi. Kihispania hubandika viwakilishi nyuma kwenye wito, lakini ukanushi ukiingia, huvitoa na kuvipeleka mbele, kila kimoja peke yake: *digámoselo*, lakini *no se lo digamos*. *Sentémonos*, lakini *no nos sentemos*. Tazama mwisho wa neno: s imerudi. Aliyekuwa akiisukuma ameondoka, na alama ya mkazo nayo imeondoka.

Alama hiyo inanileta kwenye jambo ambalo hukuliuliza, ila nina hakika linakusumbua ukifungua mdomo. Sisi tunaozungumza Kiswahili tuna sheria ya mkazo iliyotuingia hadi kwenye mifupa: silabi ya pili kutoka mwisho. TWE-nde. Ukiongeza -ni kwa ajili ya umati, mkazo unahama bila hata wewe kujua: twe-NDE-ni. Kwa hiyo mzungumzaji wa Kiswahili akipewa *hagamos* hulitamka sawasawa, ha-GA-mos, kwa kuwa limekaa kama letu. Akibandikiwa *lo*, sheria ya nyumbani inaamka na kumfanya aseme ha-ga-MOS-lo. Kihispania hakihamishi. Mkazo unabaki pale kitenzi kilipouweka, hata ukibandika viwakilishi viwili: ha-GA-mos-lo, di-GA-mo-se-lo. Ndiyo sababu ya ile alama juu ya á: inamwonya msomaji kwamba mkazo haupo alipoutarajia. Na kwa umbo hili la sisi huna haja ya kukumbuka kanuni za alama. Ukibandika kiwakilishi chochote, andika alama. Usipobandika, usiandike.

Zoezi langu kwa wanafunzi ni la kitoto lakini linafanya kazi. Sema *hagamos* huku ukigonga meza kwenye *ga*. Mara tano. Kisha ongeza *lo* bila kuhamisha pigo. Kisha *sentemos*, gonga *te*. *Sentémonos*, gonga *te* ileile. Siku ya kwanza meza na mdomo vitagombana. Siku ya tatu vitapatana.

Na kwa kuwa nimeitaja -ni: usiitafute. "Twende" kwa mmoja na "twendeni" kwa wengi, Kihispania hakitofautishi. *Vamos* ni kwa mwenzako mmoja au kwa uwanja mzima.

Swali lako la pili, kama *vamos a* inatosha. Kwenye mazungumzo ya kila siku, inatosha kwa kiasi kikubwa. *Vamos a empezar*, *vamos a sentarnos*, hayo utayasikia mara nyingi kuliko *empecemos* na *sentémonos*, ambayo yana joho kidogo. Lakini ina mapengo mawili. La kwanza, ina ndimi mbili: *vamos a comer* inaweza kuwa "tule" au "tutakula", na sauti ndiyo huamua, kwenye ujumbe wa simu hakuna sauti. La pili ni zito zaidi: haikanushiki. *No vamos a comer* haijawahi kuwa "tusile". Ni "hatutakula", nukta. Ukitaka kuwazuia wenzako na jambo, huna njia isipokuwa umbo lenyewe: *no comamos*, *no discutamos*, *no lo olvidemos*. Kwa sababu hiyo peke yake ningekushauri ujifunze.

Tena baadhi ya maumbo haya yamo midomoni mwa watu muda wote. *Veamos*, hebu tuone. *Supongamos*, tuchukulie. *Digamos* ni "tuseme" kabisa, hata ile ya kujaza pengo mtu anapotafuta neno: *es, digamos, un poco raro*, ni, tuseme, ajabu kidogo. Kasisi anaposema *oremos* kanisani, ni tuombe. Na *hagámoslo* ndilo jibu la mtu aliyekwisha kushawishika.

Ila kati ya marafiki, Wahispania na watu wengi wa Amerika ya Kilatini hawatoi wito wala hawatumii *vamos a*. Wanauliza tu: *¿Empezamos? ¿Nos sentamos? ¿Comemos?* Na hapa nakuomba usimame kidogo, kwa sababu hadi sasa Kiswahili kimekuwa rafiki, na hapa kinakugeuka. Sisi tukiuliza tunaacha -e palepale: "Tuanze?" "Kwa nini tusianze saa mbili?" Kihispania kwenye swali la namna hiyo hurudi kwenye wakati uliopo wa kawaida. Si *¿empecemos?* bali *¿empezamos?* Si *¿por qué no empecemos?* bali *¿por qué no empezamos a las ocho?* Vivyo hivyo *¿y si empezamos a las ocho?*, itakuwaje tukianza saa mbili, ambayo ndiyo njia laini kuliko zote ya kupendekeza, hasa kwa watu ambao hamjazoeana. Wanafunzi wangu wazuri hukosea hapa kuliko kwenye *vayamos*, kwa sababu hawahisi hatari.

Ukipata jibu, litategemea anayejibu anatoka wapi. Mtu wa Hispania atasema *vale* au *venga*, wa Argentina *dale*, wa Meksiko *sale* au *órale*. Yote ni "haya".

Turudi kwenye ujumbe wako. Ukitaka kuuacha kama wito, uandike hivi: *Sentémonos juntos mañana. Empecemos a las ocho. No lleguemos tarde.* Nimebadilisha "tusiende" kuwa "tusifike", kwa kuwa Kihispania hupenda *llegar tarde* kwa kuchelewa, ingawa *no vayamos tarde* si kosa. Kama ningekuwa mimi, nikiwaandikia wenzangu watano ninaowaona kila siku, ningeandika *¿Nos sentamos juntos mañana? ¿Empezamos a las ocho? ¡No lleguemos tarde!* Maswali mawili ya kirafiki, kisha onyo moja.

Ile sentensi ya nne, *digámoselo a la profesora*, nimeshakuonyesha inavyoandikwa. Lakini ifute. Mwalimu ameshausoma ujumbe wote.